Nusu ya Bunduki



Juma lililopita, tulipokuwa tukitaja nomino za ngeli ya I-ZI, niliandika ubaoni neno "bunduki", na mmoja wenu akaniuliza iwapo nimewahi kuishika. Nilijibu kwamba nimewahi kushika nusu yake. Mlicheka, kengele ikalia, nami nikabaki na deni. Leo nalilipa.

Babu yangu mzaa baba, ambaye sisi Wasoga humwita jaja, alikuwa askari wa King's African Rifles, batalioni ya nne, ile ya Uganda. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alisafirishwa hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akafanya mazoezi ya kupigana msituni, na mwaka 1944 akaingia Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba alama ya kichwa cha kifaru. Waliteremka bonde la Kabaw majira ya mvua kubwa, katika matope na malaria, hadi mto Chindwin, wakauvuka mwezi wa Desemba. Hayo nimeyasoma vitabuni, maana jaja mwenyewe hakupenda kusimulia vita. Alichotuachia wajukuu ni mchezo mmoja tu. Aliichukua fimbo yake ya kutembelea, akaiegemeza begani kana kwamba analenga, kisha mkono wake wa kulia ukaenda mbio kuliko macho yetu: juu, nyuma, mbele, chini. "Moja!" Tena juu, nyuma, mbele, chini. "Mbili!" Akifika kumi alitulia, akatutazama kwa huzuni ya uongo, akasema, "Risasi kwisha." Tulicheka hadi machozi yakatutoka.

"Risasi kwisha." Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili angesahihisha sentensi hiyo kwa wino mwekundu. Lakini hicho ndicho Kiswahili alichofunzwa jaja, Kiswahili cha kambini ambacho wataalamu wamekiita KiKAR: upatanisho wa ngeli ulipunguzwa hadi ukakaribia kutoweka, na amri zilikuwa nyingi kuliko maombi. Kiliwaunganisha vijana waliotoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambao wasingeweza kuelewana kwa lugha za mama zao. Sikidharau hata kidogo. Ila kwetu Uganda watu wengi walikutana na Kiswahili kupitia mlango huo wa kambi, na mlango huo haukufungwa uhuru ulipopatikana. Idi Amin, aliyeingia King's African Rifles mwaka 1946, ndiye aliyetangaza mwaka 1973 kuwa Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, utawala ukiwa wa mwingine, misako ya wanajeshi mjini Kampala ilipewa na wananchi jina la "panda gari", kwa sababu hayo ndiyo maneno mawili aliyoyasikia mtu kabla ya kusukumwa ndani ya lori.

Baba yangu aliyasikia mwaka 1982, kwenye kizuizi cha barabarani. Alichelewa kupanda. Askari alimpiga kitako cha bunduki nyuma ya sikio la kushoto, na tangu siku hiyo hadi alipofariki sikio hilo halikusikia kitu. Kwa hiyo nilipomweleza mama kwamba nimechagua kusomea Kiswahili, hakunikemea. Aliniuliza tu, "Utawafundisha watoto wa watu kusema 'panda gari'?"

Sasa niwavushe bahari. Mwaka 2014 nilipata nafasi ya kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika chuo kikuu kimoja jimboni Ohio, Marekani. Katika darasa la jioni alikuwamo mzee mmoja wa miaka sitini na saba, fundi mstaafu wa mashine za kukereza vyuma. Bintiye aliolewa na kijana wa Kisumu, naye mzee aliapa kwamba atazungumza na mama wa mkwewe pasipo mkalimani. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nilimwita Mzee, na cheo hicho alikipenda mno hata akakiandika kwenye kikombe chake cha kahawa.

Siku moja niliwaonyesha wanafunzi picha ya jaja, aliyopigwa na wenzake Ceylon, wamesimama safu, bunduki mguuni. Wengine walitazama nyuso. Mzee alitazama bunduki. Akavua miwani, akaisogeza picha puani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchongwa: "Mwalimu, bunduki hii ina pua fupi. Mimi ninayo."

Alikuwa sahihi. Bunduki za Lee-Enfield ni ukoo mkubwa. Ile iliyoitwa Nambari 4, ya wakati wa Vita vya Pili, mtutu wake huchungulia nje ya mbao kidogo. Lakini ile kongwe zaidi, Nambari 1, mtutu wake huishia pale pale kwenye kofia nene ya chuma iliyokatwa bapa, kama pua ya bondia. Katika picha ya jaja pua zote zilikuwa bapa. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo miaka thelathini na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Burudani ya Mzee, na ya Wamarekani wengi wa rika lake, ilikuwa kukusanya bunduki za kijeshi zilizostaafishwa, kuzitengeneza na kupiga nazo shabaha. Jeshi linapopata silaha mpya, zile za zamani hubaki ghalani kwa maelfu, zimepakwa grisi nzito ya rangi ya asali iliyoungua ili zisishike kutu. Baadaye huuzwa. Mzee alikumbuka kwamba alipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, duka la vifaa vya ujenzi mjini kwao lilikuwa na pipa lililojaa bunduki za namna hiyo, zimesimama wima kama mifagio. Mtu aliweza hata kuiagiza moja kwa posta. Ndivyo alivyofanya Lee Harvey Oswald: bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano iliyomuua Rais Kennedy tarehe 22 Novemba 1963 aliiagiza kwa jina la uongo, kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Sheria ya mwaka 1968 ilikomesha biashara hiyo ya posta na kufunga mlango wa kuingiza silaha kuukuu za kijeshi kutoka nje. Katika miaka ya 1980 mlango huo ulifunguliwa tena kidogo kwa zile zinazohesabiwa kuwa kumbukumbu za kale, na hapo ndipo Mzee alipojipatia yake, iliyoundwa Lithgow, Australia, mwaka 1942.

Aliponialika kwenye karakana yake nilidhani nitaishika bunduki hiyo siku hiyo hiyo. La hasha. Mzee alitoa karatasi aliyoichapisha, akanisomea. Kwa sheria ya shirikisho, mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya muda kama yangu haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kwamba awe na leseni halali ya uwindaji. Ningeweza kuitafuta leseni hiyo. Lakini mimi si mwindaji, sijapata kuua hata kanga, na nilisita kuwa mwindaji wa karatasi ili tu nipite pembeni ya sheria ya watu. Mzee aliafiki. Nikakaa kwenye kiti nikiitafakari hali yangu. Jaja aliwekewa bunduki mkononi na serikali ya kigeni bila kuulizwa anataka nini. Mimi nilikuwa nimeifuata kwa hiari hadi upande wa pili wa dunia, na sheria ikaniambia nisiiguse.

"Lakini," Mzee akasema, akiinua kidole, "bunduki ni nini?"

Swali hilo lingemfaa mwalimu wa isimu. Kwa sheria ya kwao, bunduki ni kile kiunzi cha chuma katikati, kinachopokea mtutu mbele na komeo nyuma. Mbao si bunduki. Skrubu si bunduki. Basi Mzee aliifungua mbele ya macho yangu, na kila kipande cha mti alichokitoa alikiweka upande wangu wa meza, na vyuma akavibakiza upande wake.

Kuna utaratibu katika kazi hiyo, na anayeuruka hujuta. Kitako cha Lee-Enfield ya namna ile kimefungwa kwa bolti ndefu iliyopita ndani ya mti, na ncha ya bolti hiyo ina umbo la mraba linaloingia kwenye kibamba nyuma ya ubao wa mbele. Ukianza kwa kuzungusha bolti ya kitako, ile ncha ya mraba huupasua ubao wa mbele. Kwa hiyo ubao wa mbele hutoka kwanza, daima. Mzee alisema nusu ya mbao zilizopasuka anazoziona sokoni zilipasuliwa na watu wenye haraka na bisibisi mpya.

Bunduki yake ilikuwa na ugonjwa. Risasi tano zilizolengwa mahali pamoja, kwa umbali wa yadi 100, zilitawanyika upana wa sinia. Mtu asiyejua angeulaumu mtutu, lakini mtutu ulikuwa mzima, mifuo yake ya ndani inang'aa. Kosa lilikuwa kwenye mti. Kiwanda cha Lithgow wakati wa vita kilitumia mbao za miti ya kwao, ambazo ni laini kuliko mti wa jozi waliouzoea Waingereza, na ili mti usipondwe na mshindo wa kurudi nyuma, mafundi walitia vibamba vidogo vya shaba pale ambapo chuma hugonga ubao. Kibamba kimoja kilikuwa kimelegea. Mzee alikata kingine kwa mkasi, akakipiga msasa, akakijaribu, akakitoa, akakipiga tupa tena, akakijaribu tena. Kazi ya kibamba kisichozidi ukubwa wa ukucha ilichukua Jumamosi mbili. Nami wakati huo nilikuwa na kitako.

Nilikiosha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, grisi nyeusi ya miaka mingi ikatoka, na chini yake rangi ya mti ikajitokeza nyekundunyekundu. Kilikuwa na makovu mengi. Mzee alinifundisha kwamba mti uliobonyea bila kukatika unaweza kuinuliwa: unaweka kitambaa chenye maji juu ya kovu, unapitisha pasi ya moto, mvuke unaingia, na nyuzi za mti zinavimba kurudi mahali pake. Akaniwashia pasi. Kovu la kwanza liliinuka mara moja, mfano wa unga uliotiwa hamira. La pili nalo likainuka. La tatu lilikuwa kwenye kona ya chini, pale pale ambapo mtu angegonga kama angetaka kumwumiza mwenzake nyuma ya sikio.

Najua vyema kwamba bunduki ile haikupata kufika Uganda, na kwamba askari wa mwaka 1982 hawakubeba Lee-Enfield za mwaka 1942. Kovu lile huenda lilitokana na sakafu ya lori. Hata hivyo mkono wangu ulisimama. Nilimwambia Mzee habari za baba yangu, kwa Kiingereza, maana kuna mambo ambayo siwezi kuyasema kwa Kiswahili mbele ya mwanafunzi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza neno la Kiswahili la sehemu ile ya bunduki.

"Kitako."

Alilirudia mara mbili, polepole, na akalichomoa waya la pasi ukutani. Makovu yaliyobaki hatukuyagusa. Nilikipaka kitako mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka jembamba, siku baada ya siku, hadi mti ukakataa kunywa zaidi.

Tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha mwezi wa Mei. Msifikiri ni mahali pa vurugu. Bendera nyekundu ikiwa juu hakuna anayevuka mstari, na anayeelekeza mtutu kwa mtu hufukuzwa siku hiyo hiyo. Nilivaa vizuia sauti masikioni, nikaketi nyuma ya Mzee nikiwa na darubini na daftari la kuandikia alama. Alitia risasi kumi, alilenga, akafyatua.

Nitakiri mliokuwa hamkutarajia kusikia kwa mwalimu wa uraia: ilikuwa nzuri. Simaanishi ule mlio, ambao niliusikia kifuani kuliko masikioni. Namaanisha mkono wa Mzee. Ulikwenda juu, nyuma, mbele, chini. Ganda la shaba likaruka upande. Juu, nyuma, mbele, chini. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki jimboni Ohio na ninamtazama jaja. Waingereza waliwafunza askari wao kupiga risasi 15 zenye shabaha kwa dakika moja kwa bunduki ya aina hii, na mwendo huo wa mkono huwezi kuujifunza kwa mwezi. Jaja aliuhifadhi mkononi mwake zaidi ya miaka arobaini, kwenye fimbo. Zilipokwisha kumi nilijikuta nimesema kwa sauti, "Risasi kwisha." Mzee akageuka na kunisahihisha: "Risasi zimekwisha, Mwalimu."

Zile tano za kwanza zilikaa ndani ya upana wa kisosi. Kibamba cha shaba kilikuwa kimefanya kazi yake.

Nilipoinama kuokota ganda moja liwe kumbukumbu, Mzee alinizuia. Sheria ile ile inayahesabu hata maganda kuwa risasi. Akayaokota mwenyewe, yote kumi.

Siku ile alitumia risasi za zamani za jeshi, na hizo zina tabia yake. Alinionyesha moja aliyokuwa ameifungua: baruti yake si unga, ni nyuzi ndefu za rangi ya kahawia, kama tambi. Fataki iliyo kwenye tako la risasi hizo, ile inayogongwa na pini ili baruti iwake, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, unyevu huleta kutu, na mtutu mzuri unaweza kuharibika kwa siku chache. Mafuta hayaondoi chumvi. Dawa yake ni maji ya moto. Kwa hiyo tuliporudi karakanani Mzee alichemsha birika, akashika bunduki wima juu ya ndoo, akatia mrija wa faneli, na akaniomba nimimine. Nilimimina taratibu, kama tunavyomnawisha mgeni mikono kabla ya chakula. Maji yalitoka meusi, kisha ya kijivu, kisha safi.

(Kabla sijasahau: neno "risasi" lina maana pia ya madini yale mazito, laini, ya kijivu, na "kufyatua" tunasema pia kwa matofali. Mtu anaweza kufyatua matofali elfu moja kwa juma na asimuue mtu. Andikeni sentensi mbili kwa kila moja.)

Msije mkadhani kwamba Mzee alinibadilisha mawazo yote. Katika muhula ule ule, chuoni, tulifanyishwa zoezi la kujificha iwapo mtu mwenye silaha angeingia. Niliwatazama vijana wa miaka kumi na tisa wakizima taa na kusukuma meza mlangoni bila kuuliza swali, kwa ustadi wa watu waliolifanya zoezi hilo tangu shule ya msingi, na nilihisi baridi. Nilimwuliza Mzee. Alisema bunduki zake hulala kwenye kasha la chuma, komeo mahali pengine, risasi mahali pengine, na kwamba haki yake ya kuwa nazo imo katika katiba tangu mwaka 1791. Nilimwambia kwamba simwogopi yeye, namwogopa mtu wa nyumba ya tatu. Hakuwa na jibu, nami sikuwa na jibu kwa swali lake, aliloniuliza bila kejeli: ni nani aliyekuwa na bunduki kwenye kizuizi kile cha mwaka 1982, na ni nani ambaye hakuwa nayo?

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Nikimjibu leo ningemwambia habari za Moroto. Mwaka 1979, jeshi la Amin lilipokimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto lilibaki bila mlinzi, na Wakaramoja wakajichukulia. Hizo nazo zilikuwa bunduki za jeshi zilizofika mikononi mwa raia, na wenyewe walisema ni za kujilinda. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki, na serikali ilipoanzisha kampeni ya kuzikusanya mwishoni mwa mwaka 2001, ilikuwa kazi ya miaka mingi na ya machozi. Ndiyo maana Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu zitie alama silaha zao na kuziharibu zile zilizozidi mahitaji. Marekani huiuzia jamii bunduki kuukuu. Sisi tumekubaliana kuziangamiza. Mimi, niliyekipaka kitako kile mafuta kwa mapenzi, naunga mkono moto.

Siku ya kuagana Mzee alinipa chupa ndogo ya mafuta ya kitani yaliyobaki, imefungwa kwa plastiki tabaka tatu ndani ya sanduku langu. Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mama picha za kitako, kabla na baada. Alizitazama kwa muda, akauliza mti gani, nikamwambia. Hakuuliza zaidi, na mimi sikumwambia habari za lile kovu la tatu.

Fimbo ya jaja sasa anaitumia yeye, kwa sababu goti lake limechoka. Ilikuwa imekauka na kupauka, ina nyufa ndogo karibu na mkono. Jioni ile niliichukua, nikaketi kizingitini na kuanza kuipaka mafuta kwa kiganja. Mama alinitazama kutoka jikoni.

"Unaipaka nini?"

"Mafuta, mama. Ya mti."

"Usiifanye iteleze," akasema.